Chungu cha Vibanio

Udongo aliniletea Mbodze kutoka Rabai,
gunia zima juu ya bodaboda,
umefunikwa leso mbichi kama mwenye homa.
"Udongo uwahi ungali maji," akasema,
akavua bangili, akakaa chini.

Nilitaka vyungu vya ndege, si vya mchuzi.
Akacheka mpaka machozi:
"Tangu lini ndege akajengewa nyumba Mikindani,
na watu wenyewe hawana pa kupanga?"
Lakini mikono yake ilikwisha kuanza,
inasokota, inazungusha, inapandisha,
na ganda la kome likilamba ndani na nje.

Tulibishana juu ya mlango.
Mimi nilitaka mpana, mgeni aingie kwa heshima.
Yeye akasema, "Na kunguru?"
Kunguru wa Mombasa hajui hodi.
Mwaka juzi waliyatoa makinda ya shore
juu ya bati langu, moja moja, mekundu,
kama mtu anayemenya kamba.
Basi mlango tukaupima kwa vidole viwili,
vyangu vya kushonea, si vyake vya kulimia,
na chini tukatoboa tundu, mvua ipate pa kutokea.

Tukavichoma Jumamosi kwa makumbi na vifuu.
Sita viliingia motoni. Viwili vikapasuka
kwa sauti ya mtu anayebamiza mlango kwa hasira.
Kimoja kikatoka kimepinda mdomo
kama mtoto aliyenyimwa sambusa;
hicho nikakitundika ukutani, penye kamba ya nguo,
nikatia vibanio.
Vitatu vizuri, vyenye nakshi ya mkufu shingoni,
nikavifunga kwenye mstafeli.

Jioni ile ile Mwanaiki, jirani, akasimama uani kwake,
mikono kiunoni, macho mtini.
Hakuniuliza mimi. Aliuliza ukuta:
"Vyungu vitatu. Vitupu. Vinaning'inia.
Anarogwa nani mtaa huu?"
Kesho yake harufu ya ubani ilivuka ua,
na mwanawe akakatazwa kufuata mpira wake kwangu.
Mpira ukakaa wiki saba chini ya mstafeli.

Vyungu navyo vikakaa. Vikanyeshewa masika yote,
vikaota ukungu wa kijani. Buibui akahamia,
kisha mjusi, mpangaji asiyelipa.
Ndege walitua, wakavikagua
kama maharusi wanaotafuta nyumba wasiyoiweza kodi,
wakaenda zao kwenye nyaya za stima.

Asubuhi moja natia vidole viwili kuchukua kibanio,
nikadonolewa.
Nikachungulia: majani makavu, uzi wa chandarua,
manyoya ya kuku wa Mwanaiki, kipande cha risiti,
na shomoro jike, jicho moja limenitoka
kama mwenye nyumba tarehe tano ya mwezi.
Vibanio vyangu kumi amevifukia,
vimekuwa boriti za kitanda chake.

Basi nguo zikaanikwa bila kubanwa.
Kusi ikaingia na desturi yake ya kukopa:
soksi kwanza, halafu shuka,
halafu kanzu ya mume wangu
ikaruka ua, imekunjua mikono,
ikamwangukia Mwanaiki akiosha mchele.

Alikuja nayo ameikunja. Hasira ameikunja pia,
ameibana kwapani.
"Bibi wewe, huna hata vibanio?"
Nikaweka kidole kimoja mdomoni, kingine nikakielekeza ukutani.
Akanyata. Akatega sikio kwenye mdomo uliopinda.
Humo ndani watu wadogo mno
walikuwa wakilia njaa kwa pamoja.

Alisimama pale muda, kanzu bado mkononi,
na kwake, nadhani, mchele ukinywa maji.
Hakuomba radhi. Sikumdai.
Akapita chini ya mstafeli, akaokota ule mpira,
akaupangusa kwa pindo la leso,
na alipofika langoni, bila kugeuka:

"Huyo Mbodze wako,
kilichopinda anauza ngapi?"